Kwatsi: Mchanga Upitishao Nuru Isiyoonekana

Mvua za masika zinapokwisha, mchanga huonekana umetandazwa na maji kila penye mteremko huko Mbagala, wilayani Temeke. Wananchi huuzoa ili wajengee nyumba, na ni wachache wanaofikiri kuwa unaweza kuwa na kazi nyingine. Hali sehemu kubwa ya chembe zake ni kwatsi, yaani fuwele iliyofanyika kwa silikoni na oksijeni, nayo ni madini yaleyale ambayo watengenezaji wa vyombo vya nuru huyathamini sana.

Kwatsi imesalia kwa sababu ni ngumu na haiozi upesi. Miamba ilipomomonyolewa na jua, mvua na mito kwa mamilioni ya miaka, madini mengine yaligeuka udongo. Kwatsi ikabaki chembe chembe. Pale mchanga unapoonekana mwekundu, wekundu huo si wa kwatsi bali ni kutu ya chuma iliyoigandia.

Fuwele safi ya kwatsi ina tabia za ajabu. Mwale wa nuru uingiapo ndani yake kwa mshazari hugawanyika ukawa miwili. Tena, mnamo mwaka 1811, Mfaransa François Arago aligundua kwamba nuru inayotikisika katika upande mmoja tu, ikipita kufuata mhimili wa fuwele hiyo, hutoka imegeuzwa. Kipande chenye unene wa milimita 1 huigeuza nuru ya manjano ya taa ya sodiamu kwa nyuzi 21.7 hivi. Maji ya sukari nayo huigeuza nuru, kadiri ya wingi wa sukari iliyomo. Kwa hiyo vipande vya kwatsi hutumika kuhakikisha vyombo vya kupimia sukari. Ndiyo kusema jiwe lisilo na ladha humsahihisha mpima utamu!

Lakini kwa mkazi wa Mbagala anayeteka maji kisimani, iliyo kubwa ni tabia nyingine: kwatsi hupitisha mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho halioni. Kioo cha dirisha huizuia mionzi mingi yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 320. Kwatsi safi huipitisha hata chini ya nanomita 200. Sasa, taa ya mvuke wa zebaki hutoa mionzi ya nanomita 254, ambayo huharibu chembe za urithi za bakteria, hata wa kipindupindu, wasiweze kuzaana tena. Taa hiyo hutiwa katika ala ya kwatsi, mfano wa kisu alani, na maji hupita nje yake. Kama ala ingekuwa ya kioo cha kawaida, mionzi ingeishia humo humo.

Kutengeneza ala hiyo si sawa na kufyatua tofali. Kwatsi huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 1,700 za Selsiasi, na ikiisha kuyeyuka si fuwele tena, wala haiugawi mwale; uangavu wake tu ndio unaobaki. Chuma kidogo tu kikiwamo, urujuanimno hunaswa. Basi mchanga wa Mbagala, jinsi ulivyo, haufai kazi hiyo mpaka usafishwe kwa gharama kubwa.

Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, suala la usalama wa maji lilikuwa la kufa na kupona. Hata hivyo taa hii isidhaniwe kuwa dawa ya kila kitu. Haiondoi chumvi ya visima vya pwani. Maji yenye tope huzuia mionzi, hivyo ni lazima yachujwe kwanza. Wala haiachi kinga yoyote ndani ya maji kama iachavyo klorini: yakitiwa katika ndoo chafu yatachafuka tena. Ala yenyewe hushika ukoko wa chokaa, ambao humzuilia vijidudu adui yao, na fundi hana budi kuufuta mara kwa mara kwa siki au maji ya ndimu.