Kijana wa Keya Aliyebaki Burma

Agosti 1944, mvua zikinyesha usiku na mchana, askari wa miguu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wakiteremka bonde la Kabaw nchini Burma, wakiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Ilikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha faru. Huku nyumbani walijulikana kwa neno moja tu: Keya. Magari yalizama matopeni, chakula kikaangushwa na ndege, na malaria iliwalaza watu hata siku ambazo bunduki zilikuwa kimya. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na jeshi zima likapata njia ya kuvuka.

Wengi wao walikuwa vijana wabichi. Waruhiu Itote, mzaliwa wa 1922, alikuwa mmoja wao. Yeye alirudi Kenya, akaingia msituni kupigania uhuru, akajulikana kama Jenerali China, na baadaye akaandika kitabu. Ujana wake tunausoma kwa maneno yake mwenyewe. Lakini yule wa rika lake aliyeangukia bondeni hakupata wasaa wa kusimulia lolote, na huko kwao watu walibaki wakitazama njia.

Angalau jina lake lipo. Taukkyan, kaskazini mwa jiji la Yangon hukohuko Burma, katikati ya makaburi ya vita, zimesimama nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Watu wa Keya wamo. Hiyo ni haki yao, wala si hisani ya mtu.

Nasema angalau kwa sababu waliowatangulia katika vita vya 1914 hadi 1918 hawakupewa hata hilo. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inamwonyesha kijana wa shaba akiwa ameelekeza singe mbele. Ni kazi nzuri ya mikono. Lakini haimtaji mtu hata mmoja, ilhali Wazungu waliokufa katika vita hivyohivyo walichongewa mawe, kila mmoja kwa jina lake.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilitaja ubaguzi wa rangi waziwazi. Ben Wallace, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, aliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka mia moja, mama waliowazaa vijana hao wakiwa wameshazikwa bila kuonyeshwa kaburi la mtoto.

Msomaji, kama katika ukoo wenu yupo aliyekwenda Keya asirudi, waulizeni wazee leo: aliitwa nani, mwana wa nani, alitoka kijiji gani. Kisha mtafuteni katika orodha ya Tume, ambayo iko wazi kwenye intaneti bila malipo, na mjaribu kuliandika jina lake kwa namna zaidi ya moja. Msipomkuta, iandikieni Tume na kudai jina lake liingizwe.