Kuonyesha Uhalifu Si Uhalifu

Ndugu wafanyakazi, mwezi wa Mei 1999 gazeti la The Monitor la hapa Kampala lilichapa picha ya kutisha: watu waliovaa sare za kijeshi wakimdhalilisha mwanamke aliyevuliwa nguo. Wahariri watatu, Wafula Oguttu, Charles Onyango-Obbo na David Ouma Balikowa, walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uchochezi na kutangaza habari za uongo. Kesi iliwaning'inia hadi mwaka 2001, ndipo wakaachiliwa.

Sheria hizo zilikuwa urithi wa ukoloni. Kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu kilimtia hatiani aliyetangaza habari za uongo zinazoweza kuleta hofu au kuvuruga amani. Habari ya uhalifu, hata ikiwa kweli, huleta hofu. Tena mshtakiwa ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba aliichunguza kabla ya kuichapa.

Onyango-Obbo na mwenzake Andrew Mwenda walikuwa wamekwisha kukipinga kifungu hicho tangu 1997, waliposhtakiwa kwa habari ya dhahabu ya Kongo. Mahakama ya Katiba iliwakatalia. Hawakukata tamaa, na tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ilikifuta. Jaji Joseph Mulenga alieleza kuwa Katiba hailindi maneno yanayopendeza tu, na kwamba anayetaka kuubana uhuru huo lazima aonyeshe hatari ya kweli, si ya kudhaniwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta pia kosa la uchochezi.

Jambo hili latuhusu sisi. Kibarua akipigwa na msimamizi, au mashine isiyo na kinga ikimkata mwenzetu mkono, ushahidi wetu mara nyingi ni picha na maneno ya waliokuwapo. Ikiwa kuonyesha ubaya ni kosa, mwenye kuutenda atalala usingizi.

Lakini uhuru una mipaka. Ibara ya 43 ya Katiba inalinda haki za wengine, na sheria ya kashfa ingalipo. Basi andika tarehe na mahali, usiongeze chumvi, na umwombe ruhusa aliyeumizwa kabla ya kuionyesha picha yake. Yule mwanamke wa 1999 naye alikuwa na heshima yake. Tumtaje mkosaji kwa ushahidi, na tumsitiri aliyekosewa.