Mjenzi Aliyefia Thogoto

Katika Kiswahili, kinoo ni jiwe la kunolea visu. Mkazi wa mtaa wetu wa Kinoo hana safari ndefu kufika Thogoto, mahali ambapo jina lake ni "Scotland" kama lilivyotamkwa na Wagikuyu. Huko ndiko alikofia David Clement Scott mwaka 1907, mtu ambaye aghalabu tunamsahau tunapozungumzia wajenzi.

Scott alizaliwa Edinburgh mwaka 1853, akafika Blantyre, katika nchi iitwayo leo Malawi, mwaka 1881 akiwa mmishonari. Hakusomea usanifu wa majengo. Hata hivyo, kati ya 1888 na 1891 alisimamisha Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lenye kuba, minara na matao, kwa matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa papo hapo. Inaelezwa kuwa maumbo ya matofali hayo ni 81. Walioyafyatua na kuyapanga walikuwa Waafrika.

Mwaka 1892 alichapisha kamusi kubwa ya lugha ya Kimang'anja. Kwangu mimi, niliyezoea kamusi kuliko chokaa, kazi hizo mbili ni moja. Alichukua udongo wa nchi na neno la mwenyeji, akaamini kwamba vyote viwili vyaweza kubeba uzito mkubwa. Imani hiyo iliwaudhi walowezi, waliomlaumu kwa kuwapa Waafrika madaraka kanisani. Baada ya uchunguzi wa 1897, aliondoka mwaka 1898.

Alipokuja Ugikuyuni mwaka 1901, sifa yake iliingia doa. Misheni ilijipatia eneo kubwa la ardhi kwa idhini ya serikali ya kikoloni, ilhali ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Aliyeheshimu mkono wa Mwafrika hakuheshimu vivyo hivyo shamba lake.

Kanisa la Blantyre lingali limesimama. Lakini, ndugu msomaji, ni wangapi miongoni mwetu wawezao kumtaja hata fundi mmoja aliyeliinua, au mzee mmoja aliyemfundisha Scott maneno ya kamusi ile? Leo Kinoo imejaa majengo ya ghorofa, na mafundi wake wana msamiati wao ambao hakuna anayeuandika. Vyuo vyetu havina budi kuwaendea, viyanakili maneno hayo, na kando ya kila neno viliandike jina la aliyelitamka.