Kuta Zilizobanduliwa za Varamin

Vitabu vya historia vina mazoea ya kuwahesabu wafalme na kuwasahau mafundi. Ukifungua ukurasa wa Uajemi, nchi ambayo leo twaiita Iran, utamkuta Dario, utamkuta Hulagu wa Wamongoli aliyeuteka mji wa Baghdad mwaka wa 1258, kisha utamkuta Shah Abbas. Mfinyanzi hutamwona. Nami nathubutu kusema kwamba huyo asiyeonekana ametuachia ushahidi ulio mzuri kuliko wa wafalme wote hao, na kwamba jinsi ushahidi huo ulivyotawanywa duniani ni jambo linalostahili kujadiliwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi wa historia.

Tuanzie mji wa Kashan, ulioko ukingoni mwa jangwa, kusini mwa Tehran. Hadi leo Waajemi hukiita kigae cha kupambia ukuta kwa jina la kashi, neno litokanalo na jina la mji huo. Si jambo dogo mji kuipa lugha neno. Wafinyanzi wa Kashan, kama wenzao wa Misri na Shamu, walikuwa wameziona kauri nyeupe zilizoletwa kutoka China, wakazitamani. Lakini ule udongo maalumu wa China hawakuwa nao. Basi wakabuni wao: sehemu kumi za mawe meupe yaliyosagwa yakawa unga, sehemu moja ya kioo kilichosagwa, na sehemu moja ya udongo mweupe laini. Mchanganyiko huo ukichomwa hutoa chombo cheupe chenye mwili mgumu, kinachopokea rangi vizuri sana. Walioanza kwa kuiga wakaishia kuwa na kitu chao wenyewe.

Twajuaje hesabu hiyo ya kumi kwa moja kwa moja? Twaijua kwa sababu mtu mmoja aliiandika. Mwaka wa 1301, Abu'l-Qasim wa Kashan, mwanahistoria wa watawala wa Kimongoli, alitunga kitabu juu ya vito na manukato, na mwishoni akaongeza sura moja juu ya kazi ya ufinyanzi. Hakuandika kwa kusikia. Alikuwa mwana wa Ali, aliyekuwa mwana wa Muhammad, aliyekuwa mwana wa Abu Tahir, na wote hao walikuwa wafinyanzi. Ndugu yake Yusuf naye alikuwa papo hapo tanurini. Vizazi vinne vya siri ya nyumba moja vikawekwa karatasini na yule mmoja aliyeshika kalamu badala ya udongo. Laiti kila ukoo wa mafundi ungejaliwa mwana wa namna hiyo!

Siri kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya mng'aro wa dhahabu usiokuwa na dhahabu ndani yake. Kigae kilipakwa kwanza tabaka la kioo jeupe lililotiwa bati, kikachomwa. Kilipopoa, fundi alichora juu yake kwa mchanganyiko uliokuwa na fedha na shaba, kisha akakirudisha katika tanuri nyingine, ndogo, yenye moto hafifu na moshi mwingi. Moshi ule ulizinyima madini hewa, nazo zikaachwa juu ya kioo kama utando mwembamba mno. Abu'l-Qasim asema kazi hiyo ilichukua saa 72. Baada ya hapo kigae kilisuguliwa masizi yakatoka, na chini yake pakang'aa. Waliuita mtindo huo rangi ya mioto miwili. Moshi ukizidi kidogo, kazi yote imeharibika. Ukipungua, hakuna mng'aro. Nawaomba walimu wa kemia walitazame jambo hili pamoja na wenzao wa historia, maana hapa masomo hayo mawili yamekutana.

Sasa twende Varamin, mji ulioko kusini mashariki ya Tehran. Huko kuna kaburi la Imamzada Yahya, mtu wa kizazi cha Imamu Hasan. Katika miaka ya 1262 na 1263, miaka michache tu baada ya Baghdad kuanguka, kuta za ndani za kaburi hilo zilifunikwa kwa vigae vya Kashan vya mng'aro, vingine vya umbo la nyota yenye ncha nane, vingine vya umbo la msalaba, vikishikana kama vidole vya mikono miwili. Hapakuwa na sura ya mtu wala ya mnyama. Palikuwa na maua, majani, na aya za Kurani zilizozunguka kingo za nyota. Mwaka wa 1265 ikaongezwa mihrabu, yaani kile kishubaka kinachowaelekeza wenye kuswali upande wa Kibla. Aliyeitia sahihi ni Ali, yule yule baba yake Abu'l-Qasim.

Mwaka wa 1881 mwanamke Mfaransa, Jane Dieulafoy, alifika Varamin pamoja na mumewe. Mihrabu ilikuwa ingali mahali pake, lakini vigae vingi vya kuta vilikuwa vimekwisha kubanduliwa na kuuzwa. Miaka michache baadaye, kati ya 1884 na 1886, mume na mke hao hao walichimba magofu ya Susa na kupeleka Paris wale askari wapiga mishale wa matofali ya rangi waliopamba jumba la Dario. Walikuwa na kibali, ndiyo. Msomaji na apime mwenyewe tofauti ya kibali na nyundo.

Leo vigae zaidi ya 150 vya Varamin vimo katika majumba ya makumbusho, London, Oxford, Saint Petersburg na kwingineko. Najua jibu la watunzaji wa makumbusho: vimehifadhiwa, vimesafishwa, na wanafunzi wa dunia nzima wanaviona. Hoja hiyo ina uzito, na aliyewahi kusimama mbele ya kigae kimoja chini ya taa nzuri hawezi kuidharau. Lakini nyota moja ndani ya kabati si ukuta. Nenda Isfahan, katika ule msikiti mkubwa ulioanzwa na Shah Abbas mwaka wa 1611, ambako vigae vya rangi saba vimebaki vilipowekwa. Jicho hupanda kutoka ua hadi ua, kutoka neno hadi neno, mpaka kilele cha kuba. Aya ya Varamin iliyokatwa vipande, kipande kimoja nchi hii na kingine nchi ile, husomwaje?

Wala pwani yetu si ngeni katika habari hizi. Huko Manda vilichimbuliwa vipande vya mitungi ya rangi ya feruzi iliyosafirishwa kutoka Ghuba ya Uajemi yapata miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka wa 1948, vilipatikana vyombo vya Uajemi pamoja na vya China. Mababu walivipachika baadhi ya vyombo vya namna hiyo katika kuta za misikiti na makaburi ya nguzo. Pita leo ukatazame makaburi hayo: mengi yamebaki na vishimo vya mviringo tu, bakuli halimo. Kiswahili chetu chatumia neno moja, kigae, kwa kipande cha chungu kilichovunjika na kwa pambo zima la ukutani, na kila nikifikiri Varamin naona lugha yetu haikukosea.

Na ile mihrabu ya Ali? Ilibanduliwa nayo kabla ya karne ya 19 kwisha. Mwaka wa 1940 ilinunuliwa na tajiri wa Kimarekani, Doris Duke, akaijenga ndani ya nyumba yake Honolulu, kisiwani katika bahari ya Pasifiki. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Kule Varamin kaburi lingali linazuriwa, na watu huswali wakielekea ukuta uliobaki na plasta.