Meza ya Mchanga: Kuzitazama Njia za Ng'ombe Pamoja



Mikutano mingi kuhusu mashamba na njia za ng'ombe katika Fizi huharibika kwa sababu ndogo. Mmoja anasema "ng'ambo ya mto", mwenzake anafikiri ng'ambo nyingine, na kabla ya saa sita watu wamekwisha kukasirika. Katika toleo hili tunaeleza chombo kisicho na gharama kinachoweza kusaidia: meza ya mchanga.

Chombo hiki kina asili ya kijeshi. Mwaka 1812 Reisswitz, mtu wa Prussia, alimtengenezea mfalme wake mchezo wa vita: nchi nzima juu ya meza, yenye vilima na mito, na vipande vidogo vya askari ambavyo kila upande ulivisogeza kwa zamu. Mwanzoni alitumia mchanga mbichi. Hadi leo huko Ulaya na Marekani watu hucheza hivyo kwa burudani, na wengine hununua mchanga wa watoto uliochanganywa na mafuta ya silikoni ili ushikane bila kukauka. Sisi wa Baraka ufuko wa Tanganyika unatutosha. Anza na ndoo 8 za mchanga mkavu kwa ndoo 1 ya maji, kisha jaribu kwa mkono. Maji kidogo hushikanisha chembe. Yakizidi, mlima unaporomoka. Fanyeni kazi kivulini na kunyunyiza maji kila mara.

Tandika turubai la mita 2 kwa 3. Ziwa liwe mashariki, milima ya Mitumba magharibi. Wenyeji wenyewe wafinyange, si mgeni wa shirika. Mwaka 1858 mzungu Burton alipita katika ziwa letu akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mtoto yeyote wa Baraka angeifinyanga rasi hiyo ikiwa imeshikana na nchi kavu.

Majivu yawe barabara, kokoto ziwe nyumba, punje za mahindi ziwe mashamba ya mahindi, na vipande vya kijiti cha muhogo viwe mihogo. Ng'ombe wafinyangwe kwa udongo. Watoto wanajua kazi hiyo kuliko sisi. Wanawake wapewe nafasi yao kwanza, peke yao, maana wao ndio wanaojua visima, vijia vya kwenda shambani na mahali ambapo mazao huliwa. Wafugaji nao waonyeshe malisho na mahali pa kunyweshea.

Sasa mchezo wenyewe. Kila zamu ni majuma mawili. Kwa desturi, kiangazi kinapoanza, kwenye mwezi wa sita, ng'ombe huteremka kutoka milima ya juu kutafuta majani na maji upande wa Ngandja na Lulenge. Mvua zikirudi kwenye mwezi wa tisa, wanapanda tena. Wasogezeni ng'ombe wa udongo zamu kwa zamu, na kila mara ulizeni: shambani kuna nini sasa? Hapo ndipo jambo kubwa huonekana. Mahindi yamekwisha kuvunwa, lakini muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi. Ng'ombe waliochelewa au waliowahi, wote wataukuta umesimama. Kwa hiyo kubishana juu ya tarehe peke yake hakutoshi. Lazima njia yenyewe iepuke mihogo, au mihogo ipandwe mbali na njia.

Kisha badilisheni: mkulima achunge ng'ombe, mfugaji alinde shamba. Watu watacheka, na ni vizuri wacheke. Ila swali la itulo, yaani malipo ya malisho kwa wakuu wa ardhi, msilifiche chini ya kicheko. Ulizeni wazi nani hupokea, na je, mwenye shamba lililoliwa hupata chochote?

Njia hii haiko mbali na mambo yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 2006 Waogiek wa Nessuit, Kenya, walitengeneza umbo la msitu wa Mau kwa makaratasi magumu ili kueleza nchi ya mababu zao. Na mwaka 2013 Life & Peace Institute na mashirika ya Kivu ya Kusini walichapisha utafiti juu ya mashamba na uhamaji wa mifugo katika jimbo letu.

Kuna hatari, na tunaomba viongozi wasikie vizuri. Tangu mwaka 2017 mapigano ya milimani yamechoma vijiji na kumaliza mifugo mingi. Mtu akikiona kijiji chake katika mchanga anaweza kulia; mpeni muda, asilazimishwe kusema. Msiweke kamwe alama ya walipo wenye silaha, wala ya mahali familia hujificha. Msipige picha. Msitumie mchanga kuamua shamba ni la nani: hiyo ni kazi ya mashahidi, wakuu na sheria, na mtu aliyekimbilia Tanzania au kambini hana mkono wake katika mchanga siku hiyo.

Mliyokubaliana yaandikwe kwenye karatasi, yasomwe kwa sauti katika lugha za wote waliopo, na kila upande ubaki na nakala. Halafu, kabla watu hawajatawanyika, vurugeni mchanga wote mbele ya macho yao.