Motere ikikohoa, uliza kwanza: silinda gani?

Wengi wetu hatushiki usukani, lakini pesa inayolipa garaji inatoka katika mikono yetu. Motokari ndiyo inayoleta mihogo na makala kutoka upande wa Mutshatsha, samaki kutoka Nzilo, na watoto kutoka masomo wakati wa mvua. Sasa motere ikianza kutetemeka na fundi akisema "hii imekufa", tumjibu nini?

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Motere ya esansi ya motokari nyingi za zamani ina silinda 4. Kila silinda inahitaji vitu vitatu: hewa na esansi kwa kipimo, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa saa yake. Cheche inatoka kwa buji, na umeme wake, maelfu ya volti, unapitia katika uzi wa buji. Motere ikizunguka mara 2000 kwa dakika, kila buji inapiga cheche mara 1000. Ni kama wamama wanne kwenye kinu kimoja: mmoja akiacha mchi, mdundo unavunjika na watatu wanachoka. Shofere anasikia motokari inakohoa, inatetemeka ikisimama, haina nguvu kwenye mlima, na nyuma kunanuka esansi ambayo haikuungua.

Hiace ya kundi letu ilifanya hivyo asubuhi moja ya mvua. Garaji ya kwanza iliisikiliza dakika tano, ikatuambia tununue motere nyingine, zile za okazyo zinazopita Kasumbalesa. Akiba yote ya likelemba ingeishia hapo, na ada za shule zilikuwa karibu. Tukaomba siku moja ya kufikiri, tukamwita mzee mmoja aliyetengeneza motokari za mgodi miaka mingi.

Mzee hakununua kitu. Alizima motere, akatoa uzi wa buji ya kwanza, akaufunga mbali na mikono ya watu, akawasha tena kwa muda mfupi. Motere ikazidi kutetemeka: basi silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Akairudisha, akafanya hivyo kwa ya pili. Alipofika ya tatu, sauti haikubadilika hata kidogo. "Mgonjwa ni huyu," akasema.

Kumjua mgonjwa haitoshi, kwa sababu hatujui bado anaumwa nini. Mzee akabadilishana buji: ya silinda ya 3 akaipeleka ya 2, na ya 2 akaileta ya 3. Kama ugonjwa ungehamia ya 2, buji ndiyo mbovu. Haukuhama. Kisha akangoja giza, akafungua kapo, akanyunyiza maji kidogo sana juu ya nyuzi huku motere inazunguka. Tukaona kwa macho yetu cheche ndogo za bluu zikiruka kutoka kwenye uzi wa tatu hadi kwenye chuma. Ngozi ya uzi ilikuwa imepasuka, na unyevu wa mvua ulikuwa unafungulia umeme njia ya kutorokea. Alibadilisha nyuzi zote nne, kwa sababu zilizobaki zilikuwa na umri uleule, na Hiace ikarudi Nzilo wiki ile ile. (Tafadhali, uzi huo usiushike kwa mkono motere ikiwaka. Unapiga vibaya.)

Si kila mara ni uzi. Buji yenyewe inasema mengi ukiitoa. Rangi ya udongo mwepesi ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi: esansi ni nyingi kupita kiasi, au cheche ni dhaifu, katika vumbi la malori ya mgodi, mwangalie kwanza filtre ya hewa. Nyeusi yenye mafuta: mafuta ya motere yanaingia ndani ya silinda, na hiyo ni kazi kubwa kweli. Kama cheche na esansi viko sawa, fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne na kukuonyesha namba. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi joanti ya kulasi ndiyo imeungua. Hapo ndipo neno la motere kufunguliwa linaanza kuwa na haki.

Na ikiwa kukohoa kulianza mara tu baada ya kununua esansi ya chupa barabarani, weka kidogo katika chupa nyeupe, mbali na moto, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatalala chini na utaona mstari.

Motokari za diezeli hazina buji hizi, tutaziandikia siku nyingine. Zile mpya zaidi zinasomwa kwa mashine: ikitoa P0303, maana yake silinda ya 3 inakosa. Haisemi kama ni buji, uzi au kitu kingine, kwa hiyo bado muulize fundi alipima nini, na umwombe akurudishie vipande vya zamani alivyovitoa.

Kwa mkutano wa Jumamosi tutaleta buji nne zilizotumika, kila mama azishike na kuzisoma.