Malaika ya Makeba Bado Inatumaliza

Mbogi ya Naitiri, kuna ngoma moja yenye mabuda wetu walikatia nayo mamathe wetu, na bado haijachoka: Malaika. Wenye wameirudia ni wengi. Boney M waliitoa 1981 na midundo ya disko. Angélique Kidjo wa Benin akaiweka kwa albamu yake Logozo, 1991. Zote fiti. Lakini yenye inanimaliza ni ya Miriam Makeba, na hapo sibadilishi.

Fadhili William, chali wa Taita, aliirekodi Nairobi na Jambo Boys mwanzo wa miaka ya sitini. Nani alitunga? Hiyo ni ngori mpaka leo, juu Adam Salim pia alisema ni yake, toka 1945. Vile Fadhili anaipiga, gita imetulia, sauti pole, jamaa amesota na anaambia manzi ukweli. Anampenda mbaya, lakini ya mahari hana.

Maze, hiyo stori tunaijua huku. Mahindi ikikosa bei baada ya mavuno, harusi ya Desemba inasukumwa mwaka ujao. Wazee wanangoja ng'ombe. Chali ako na boda ya mtu, jioni lazima apeleke hesabu ya mwenyewe kwanza, yenye inabaki ni ya unga. Na dem? Dem ako kwao anaulizwa kila wiki huyo kijana anakuja lini. Yeye hakuna mtu anamwimbia shida zake.

Ndio maana Makeba ananishika. 1965 waliitoa na Harry Belafonte kwa albamu yao An Evening with Belafonte/Makeba, ikabeba Grammy. Lakini kwa steji aliiimba pia peke yake, na hiyo ndio moto. Msee wa Afrika Kusini, Kiswahili si lugha ya kwao, na cheki vile anaibembeleza: hakimbizi neno, anavuta mpaka unaskia pumzi. Maneno hakugeuza, yamebaki ya jamaa mwenye hana ganji. Ila sasa yanatoka kwa mdomo wa dem. Yule mrembo mwenye kwa Fadhili alikuwa anaimbiwa tu, amesimama ameshika maiki. Mi huskia akisema najua mfuko wako uko mkavu, na mimi pia inaniuma.

Machali tumezoea kudhani kusota ni mzigo yetu pekee. Tukikosa doo tunazima simu, tunapotea wiki mbili, dem anabaki kubahatisha kama bado anapendwa. Hiyo si poa hata kidogo.

So kama umepanga kumtumia dem wako Malaika kwa WhatsApp leo usiku, tuma zote mbili, ya Fadhili ianze, ya Makeba ifuate. Halafu usizime simu. Muulize yeye anaiskia aje, na ungoje ajibu.